“Naonja tu, nesi!”

Sehemu ya 7 leo, na najua baadhi yenu mtashangaa: nesi anaongelea bia. Kama dini yako au moyo wako hauruhusu, pita salama mpenzi, tutaonana sehemu ya 8.

Naanza kwa kukiri kwamba napenda kuonja. Siku hizi Nairobi na Dar kuna hivi viwanda vidogo, vijana wanaviita vya krafti. Unawekewa ubao wenye glasi ndogo nne au tano, kila moja na bia yake: ya ngano yenye ukungu, nyeusi yenye harufu kama kahawa, nyingine chungu ya hopsi. Watu wananusa, wanaonja, wanabishana. Mimi nacheka tu, maana bibi yangu Kilimanjaro alikuwa anafanya hayo hayo na mbege. Ndizi mbivu zinachemshwa muda mrefu mpaka zinaiva wekundu, zinaachwa zichachuke siku kadhaa, zinachujwa, halafu unakuja uji wa kimea cha ulezi. Gome la msesewe linatia uchungu, kazi ile ile ya hopsi. Kila mpishi ana mkono wake. Bibi alikuwa anapiga funda moja kwenye kata, anafumba macho, anakuambia ulezi wa leo haukuota vizuri. Na kweli!

Kwa hiyo sigombani na bia. Nagombana na neno “kuonja”.

Kliniki nikimuuliza mama mjamzito kama anakunywa, jibu ni “hapana nesi, naonja tu.” Jamani, tupige hesabu. Glasi ndogo ya mililita 150, mara nne, ni mililita 600. Baadhi ya bia za aina hii zina kilevi asilimia 7 hivi, nyingine zaidi. Hapo umeingiza mililita 42 za kilevi chenyewe. Chupa ya kawaida ya nusu lita yenye asilimia 5 ina 25. Yaani “kuonja” kwako ni chupa moja na zaidi ya nusu, na ulikuwa unapiga stori tu hata hukuhisi.

Ya kiwandani angalau ina lebo, isome. Mbege haina lebo. Inazidi kuchachuka kila siku, ya leo si ya kesho, na kata haina alama za kupimia.

Kwa mjamzito naongea kifupi: hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama, si cha bia, si cha mbege, wala “ya ndizi haina shida”. Kilevi kinapita kwenye kondo la nyuma mpaka kwa mtoto. Bia nzuri itakusubiri.

Kwa anayenyonyesha ndipo nataka tukae kidogo, maana hapa mimi mwenyewe nilianguka.

Nilipojifungua wa kwanza, mama mkwe alikuwa ananiletea mtori mchana na mbege jioni. “Kunywa mwanangu, inaleta maziwa.” Ungemkatalia wewe? Mtu amepanda mgomba, amepika, amebeba. Nilikunywa, na ilikuwa tamu kweli. Usiku mtoto ananyonya, anaachia, analia, anashika tena. Mimi nalia naye. Nikasema maziwa ni machache, kwa hiyo kesho yake nikaongeza kata. Mimi, nesi!

Kilevi kinafanya hivi: kinazuia ile homoni inayosukuma maziwa yatoke. Kwenye nafaka ya bia kuna kitu kinachoweza kuamsha homoni ya kutengeneza maziwa, labda ndiyo maana wazee waliona titi linajaa. Lakini kujaa si kutoka. Watafiti waliopima waligundua kwamba mama akishakunywa, mtoto anapata maziwa pungufu kwenye masaa machache yanayofuata, hata kama ananyonya mara nyingi. Kinacholeta maziwa ni mtoto kunyonya mara kwa mara, usiku na mchana, akiwa amekamata titi vizuri. Mtori kunywa, unakupa nguvu na maji.

Na kile kilevi kilichoko kwenye damu yako ndicho kilichoko kwenye maziwa. Kukamua na kumwaga hakukisafishi, wamama, mnapoteza maziwa bure. Kinaondoka kwa muda tu. Kwa glasi moja ya mililita 350 ya asilimia 5, subiri angalau masaa mawili. Ule ubao wa glasi nne niliouhesabu juu, karibu masaa matano. Mtoto wa mwezi mmoja ananyonya kila baada ya masaa mawili au matatu, sasa mwenyewe ona kama hesabu inakubali. Akishakuwa mkubwa kidogo, nyonyesha kwanza, kamua akiba uweke kwenye friji, onja glasi moja uliyoichagua, uifurahie. Sitakufokea. Tukiwafokea mnatuficha, na ukinificha siwezi kukusaidia.

Baba unayesoma simu ya mkeo, na wewe umo. Ukitoka kuonja usilale kitanda kimoja na mtoto mchanga. Mtu aliyekunywa hasikii amemlalia nini. Na ile tabia ya kumpa mtoto povu kwa kidole “aonje” halafu wote mnacheka, mimi siwezi kucheka. Ini lake bado changa na mwili wake mdogo. Ukitaka aijue ladha ya kwao na ameshaanza kula, mpikie uji wa ulezi. Hata togwa angalia imelala siku ngapi.

Swali ninaloulizwa sana inbox ni: nitamwambiaje mama mkwe? Mimi nilichelewa, nilisema kwa mtoto wa pili. Nilimwambia, “Mama, mbege yako naipenda, niwekee ya Krismasi nitakapomwachisha. Kwa sasa naomba mtori mara mbili.” Alinuna siku mbili. Siku ya tatu alikuja na sufuria kubwa zaidi, mbege akampa mwanawe.

Sehemu ya 8 ni kitovu cha mtoto, na vitu mnavyokipaka.