Mkitupa sola, mtupe na maelezo yake

Vijana wenzangu, fundi wetu hapa kambini anajua sola vizuri. Juzi aliletewa boksi moja: paneli nzima, betri nzima, ila taa haiwaki. Shida iko kwenye programu ya ile chipu ndani, na hakuna karatasi yoyote ya kuielezea. Boksi likatupwa, na watoto wa nyumba ile wanasoma kwa tochi ya simu.

Vifaa vya namna hii vinaweza kuendeshwa na programu ndogo inayoitwa mfumo endeshi wa wakati halisi. Kazi yake ni kupanga mambo yafanyike bila kuchelewa: pima betri, kata chaji, washa taa. Si lazima iwe siri. Huko Japani, Profesa Ken Sakamura alianzisha mradi wa TRON mwaka 1984, wenye viwango vilivyo wazi kwa wote. Mwaka 2018 kazi hiyo ikazaa kiwango cha kimataifa, IEEE 2050. FreeRTOS nayo ni ya bure, na yeyote anaweza kuisoma.

Lakini tusidanganyane. Mfumo ukiwa wazi, kampuni bado inaweza kufunga programu yake iliyo juu yake. Kwa hiyo, ninyi ndugu zetu wa mashirika, kabla ya kununua ulizeni: fundi wa kambini atapewa maelezo na njia ya kuweka programu upya? Wakisema hapana, tafuteni muuzaji mwingine. Mafundi tunao tayari.