Asiyefika Si Hewa

Umelala, ndugu yangu? Amka. Kuna jina linafutwa.

Si lako. Lako bado. Ni la yule mama wa nyumba ya tatu kutoka kwako, anayejikokota kwa makalio kutoka kitandani hadi mlangoni. Siku ya uhakiki wa orodha ya ruzuku waliliita jina lake mara ya kwanza. Kimya. Wakaliita mara ya pili. Kimya. Karani akapiga mstari, akaita linalofuata.

Na wewe ulikuwepo pale chini ya mwembe. Ulijua yupo. Ulijua kwa nini hakuja. Ukainamisha kichwa, ukawa unachorachora mchangani kwa kijiti.

Nimechoka na ukimya huo. Nimeuona Musoma, nimeuona Bunda, nimeuona Butiama. Ni ukimya ule ule, na kila unapotanda kuna mnyonge anayekosa unga.

Nianze na la kwangu. Mama yangu mkubwa ana miaka sabini na ushei. Mguu wake wa kulia ulikatwa juu ya goti. Ugonjwa wa sukari ndio uliomfikisha hapo. Tangazo la uhakiki lilipita jioni kwa kipaza sauti: kesho saa mbili asubuhi, kila mtu afike mwenyewe, asitume mwakilishi. Nikakodi bodaboda. Kumpandisha ilitubidi tuwe watu watatu. Njia nzima nilikaa nyuma yake nimemshika kiunoni, nikimwomba Mungu tusitumbukie shimoni. Tukakaa juani mpaka saa nane mchana. Zamu yake ilipofika, akaulizwa: barua ya daktari iko wapi?

Mguu haupo. Kila mwenye macho anaona kwamba haupo. Na bado inatakiwa karatasi ya kusema haupo!

Tukaambiwa turudi wiki inayofuata. Wiki hiyo mvua ikanyesha, njia ikageuka tope, hakuna bodaboda aliyekubali kwenda. Hakufika. Jina likakatwa. Nilipompelekea habari hakulia. Aliniuliza swali moja tu: "Kwani nyumbani kwangu hawapajui?"

Sitaji kijiji, sitaji mpango, sitaji mtu. Wahenga walituonya tusitukane wakunga na uzazi ungalipo. Mama mkubwa bado anaishi pale, na uhakiki utapita tena. Lakini swali lake nimelibeba, na leo nalitua mbele yako.

Sasa tutazame hesabu za nchi nzima. Februari 2020, Rais John Magufuli alizindua kipindi cha pili cha Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini unaosimamiwa na Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, TASAF. Siku hiyo taifa liliambiwa kwamba kaya 73,561 zilikuwa zimeondolewa katika mpango. Neno likavuma mjini na vijijini: kaya hewa! Watu wakapiga makofi. Nani asiyefurahi mwizi akikamatwa?

Lakini je, ulizisoma zile hesabu hadi mwisho, au uliishia kwenye makofi?

Kaya 22,034 zilithibitika si maskini. Sawa, ziondoke. Kaya 9,903 zilikuwa za wajumbe wa kamati na viongozi wa vijiji, mitaa na shehia, watu wa kushika kalamu. Sawa kabisa, waondoke upesi.

Endelea. Kaya 13,468 zilikuwa za mtu mmoja mmoja, na mtu huyo amekufa. Kaya 9,456 zilikuwa zimehamia mahali ambako mpango ulikuwa haujaanza. Na kaya 18,700 hazikujitokeza mara mbili kupokea ruzuku.

Jumlisha hizo tatu za mwisho. Unapata 41,624. Zaidi ya nusu ya kaya zilizovishwa jina la hewa zilikuwa za watu waliokufa, waliohama, au wasiofika.

Aliyekufa peke yake chumbani si hewa. Ni marehemu, ana kaburi, na kaburi lake lina majani. Aliyehama akitafuta mahali pa kulima si hewa. Yuko kijiji cha pili, na umaskini wake amehama nao. Na asiyefika? Asiyefika si hewa!

Nani aligonga ile milango 18,700? Nani aliinama akachungulia ndani kama kuna mtu amelala, ameshindwa kuamka?

Hebu jiulize, ni nani hasa huwa hafiki. Ni kipofu ambaye mjukuu wa kumshikia fimbo yuko shuleni. Ni mwenye kifafa aliyeanguka njiani. Ni mama mwenye mtoto wa miaka kumi na minne aliyepooza tangu kuzaliwa: kumbeba mgongoni hawezi tena, kumwacha peke yake hathubutu. Ni mzee wa kisiwa cha Rukuba anayesubiri ziwa litulie ndipo mtumbwi uvuke. Ni bibi wa Kisorya ambaye kutoka kwake mpaka Bunda mjini kupata barua ya daktari ni safari ya kuuza kuku wawili.

Mzima wa miguu hufika. Mjanja hufika wa kwanza, hukaa mbele, akaitikia kwa sauti. Uhakiki wa namna hii ni ungo unaopeperusha mchele na kubakiza pumba. Halafu tunaambiwa kazi imekwisha, orodha imesafishwa!

Na kinachotafutwa kwa jasho lote hilo ni kiasi gani? Katika kipindi cha kwanza cha mpango, ruzuku ya msingi ilikuwa shilingi 10,000 kwa mwezi, na kaya iliyopata kiasi kikubwa kuliko zote haikuvuka 38,000. Hiyo ndiyo fedha ambayo mtu asiye na mguu anasimamishwa juani kwa ajili yake. Akitoa nauli ya bodaboda kwenda na kurudi, na ya yule wa kumshika mkono, anabaki na nini?

Utasema 10,000 ni fedha kidogo. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Njoo nikuonyeshe inavyokuwa ikikatika.

Mwezi wa kwanza anauzwa kuku. Mwezi wa tatu anauzwa mbuzi, yule yule aliyenunuliwa kwa ruzuku ili nyumba isimame. Baadaye mjukuu anaacha shule, maana lazima awepo mtu wa kuchota maji. Kisha zinaacha kununuliwa dawa za kifafa, na siku moja mtoto anaanguka juu ya mafiga, sufuria ya maji ya ugali ikiwa inachemka. Hatimaye bibi anabaki peke yake. Anakufa usiku, anakutwa asubuhi na mwanamke aliyekuja kuazima ungo.

Na uhakiki utakaofuata utamwingiza katika hesabu ya kaya hewa. Kaya ya mtu mmoja, amefariki, futa. Umeona duara hilo? Kwanza alifutwa kwa sababu hakufika. Kisha amekufa kwa sababu alifutwa. Mwisho anatangazwa kwamba alikuwa hewa!

Siku hizi limeingia neno jingine tamu: kuhitimu. Kaya inatolewa kwenye mpango kwa sababu hali yake imeboreka. Wapo walioinuka kweli, waliofuga, wakaezeka bati, wakafungua genge la dagaa. Hao nawapa mkono. Lakini mguu uliokatwa hauhitimu. Macho yaliyokufa hayahitimu. Uti wa mgongo uliovunjika hauvai joho. Bati moja juu ya nyumba haliwezi kumfanya aliyepooza atembee, kwa nini basi litumike kumfukuza?

Usidhani ugonjwa huu ni wetu peke yetu. Uholanzi ni nchi tajiri, na kila ofisi ina kompyuta. Mamlaka yake ya kodi iliwashuku maelfu ya wazazi waliokuwa wakipokea fedha za malezi ya watoto, ikawaita wadanganyifu, ikawadai warudishe fedha yote, wengine kwa kosa dogo kama sahihi iliyosahauliwa. Familia zikafilisika, ndoa zikavunjika. Ukweli ulipojulikana, Januari 2021 baraza zima la mawaziri la aliyekuwa Waziri Mkuu, Mark Rutte, lilijiuzulu.

Serikali nzima! Huku kwetu nani amewahi kujiuzulu hata uenyekiti wa kitongoji kwa kumfuta kilema aliye hai?

Na sisi watu wa Mara tuna aibu ya ziada, kwa sababu tunajua njia nyingine. Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma, mji huu huu, ikatoa Azimio la Musoma: kila mtoto wa Tanzania aende shule ya msingi. Kila mtoto! Hawakusimamishwa watoto juani wathibitishe ujinga wao. Hakuna mzazi aliyeambiwa alete barua ya kuonyesha kwamba mwanawe kweli hajui kusoma. Ulikuwa mtoto, ulistahili.

Zanzibar wameshika njia hiyo hiyo kwa wazee. Tangu Aprili 2016 wana Pensheni Jamii: mzee aliyefikisha miaka 70 analipwa, awe ameezeka bati au makuti. Walianza na shilingi 20,000 kwa mwezi, na mwaka 2023 wakapandisha hadi 50,000. Hawapimi umaskini wake, wanatazama umri wake. Ikiwa Unguja na Pemba wameweza, Bara tunashindwa na nini?

Kila Oktoba tunapanga misafara kwenda Butiama, Mwitongo, kwenye kaburi la Mwalimu Nyerere. Magari, ngoma, hotuba, fulana mpya. Msafara wa hatua mia mbili kwenda kwa jirani asiyeweza kutembea unatushinda?

Sasa nakugeukia wewe, msomaji, maana hutaniponyoka. Usiseme "serikali", "serikali", kama kwamba wewe hukuwepo. Majina ya walengwa yanapita kwenye mkutano wa hadhara wa kijiji au mtaa. Ukumbi wake ni mti wako. Sheria ya serikali za mitaa ya 1982 imekupa mkutano mkuu wa kijiji, wewe na kila mkazi mwenye miaka 18 na kuendelea. Mara ya mwisho ulihudhuria lini? Ulipohudhuria ulisema nini? Au ulikwenda kusubiri posho, ulipoona haipo ukarudi kwenye bao?

Swali jingine. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, namba 9 ya 2010, imeweka kamati za watu wenye ulemavu mpaka ngazi ya kijiji na mtaa. Ya kijijini kwako iko wapi? Mwenyekiti wake ni nani? Ilikaa lini? Mura, hujui! Miaka yote hii hujui, na huna hata habari kwamba hujui.

Hujafa hujaumbika. Leo unapanda bodaboda bila kofia kutoka Bweri mpaka Makoko, kesho uti wa mgongo umekatika. Leo unavuta nyavu, kesho umepigwa na kiharusi nusu ya mwili. Foleni hiyo unayoitazama kwa mbali, nafasi yako imo. Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji.

Sipingi uhakiki. Nautaka uhakiki, maana kila shilingi anayokula asiyestahili imetoka kwenye sahani ya kilema. Ila nautaka uhakiki wenye miguu.

Asiyeweza kufika, afuatwe. Karani ana pikipiki, mwenyekiti wa kitongoji anaijua kila nyumba kwa jina. Jina lisifutwe mpaka watu wawili wameingia ndani ya nyumba hiyo na kuandika walichokiona. Kila aliyefutwa apewe sababu kwa maandishi, na apewe muda wa kukata rufaa. Orodha ibandikwe ukutani kwa mtendaji, isomwe na kila apitaye. Ulemavu wa kudumu uhakikiwe mara moja tu, mguu hauoti. Na aliyefutwa akiwa hai arudishwe pamoja na malimbikizo yake yote.

Hayo yanahitaji fedha za wafadhili? Yanahitaji kamati ya wataalamu kutoka Dodoma? Yanahitaji mtu mzima mwenye haya na mwenye viatu.

Jumamosi hii naenda kwa mama mkubwa. Nina karatasi na kalamu; tutaandika rufaa, atie dole gumba, na nitaipeleka kwa mkono. Wakiikataa nitaandika nyingine.

Wewe kazi yako ni ndogo kuliko yangu. Nenda nyumba ya tatu. Piga hodi, kaa naye, muulize kama jina lake bado limo. Na siku wakirudi chini ya mwembe, wakaliita mara ya kwanza kukawa kimya, usisubiri mara ya pili. Tupa hicho kijiti, simama mbele ya watu, useme: yupo. Nyumbani kwake napajua. Nifuateni.