MSAADA UANZIE KWENYE EKZOSI

1/7
Mama zangu, dada zangu, na nyie baba mnaoleta watoto kliniki: leo nina hasira kidogo, mnivumilie.

Kuanzia Mkata, Kabuku, Michungwani na Segera mpaka Korogwe na Mombo, barabara yetu tunaijua. Malori usiku na mchana, yanapanda Moshi na Arusha, yanashuka Dar. Sina ugomvi na lori. Hata dawa ninazowapa zimekuja na lori. Ugomvi wangu ni moshi.

2/7
Kuna mama anauza machungwa kando ya barabara, mtoto mgongoni. Mtoto ana miezi 8, na ameshaletwa mara tatu kwa kukohoa na kubanwa kifua. Sisemi ni moshi wa malori peke yake. Nyumbani wanapikia kuni, na mafua yapo. Lakini nikishamtibu narudisha wapi mtoto? Palepale, nyuma ya lori lililosimama huku injini inaunguruma.

3/7
Mtoto anapumua haraka kuliko mtu mzima, na mapafu yake bado yanakua. Chembe za moshi wa dizeli ni ndogo mno, zinapita puani zinaenda kukaa ndani kabisa. Na mwaka 2012, taasisi ya saratani ya Shirika la Afya Duniani ilitangaza kwamba moshi wa dizeli unasababisha saratani kwa binadamu. Kwa hiyo dereva na utingo nao wanaumia. Wao siyo maadui zetu.

4/7
Sasa tuje kwenye misaada. Kampuni inakuja na mashuka na ndoo, tisheti zimeandikwa jina lake, picha zinapigwa, sisi tunapiga makofi. Wanaita uwajibikaji kwa jamii. Wageni wakiondoka, lori lenye nembo ileile linapita linamwaga wingu jeusi kwa watoto wanaotoka shule.

Jamani! Huko ni kung'ata huku unapuliza, kama panya.

5/7
Mtaniambia, "Nesi, malori mapya ni ghali." Sawa. Lakini hatujaomba malori mapya.

Nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni kuanzia 2015. Maana yake chujio la moshi kwenye injini za kisasa linaweza kufanya kazi. Halafu kuna watu wanalichomoa, eti lori lipate nguvu! Na lori la zamani lisilo na chujio, basi lisafishiwe nozeli, libadilishiwe chujio la hewa, lizimwe likisimama. Moshi mweusi ni dizeli ambayo haikuungua vizuri. Tajiri ameilipia, mtoto wako anaivuta.

6/7
Kampuni ya madini, kwa Sheria ya Madini iliyorekebishwa 2017, lazima kila mwaka iandae mpango wa uwajibikaji kwa jamii na ukubaliwe na halmashauri. Mwenye malori anajichagulia mwenyewe: leo ndoo, kesho mashuka. Basi tumchagulie sisi. Akija kwenye mkutano wa kijiji au wa mtaa, simama na mwanao mgongoni, uliza:

– Malori yako yanafanyiwa sevisi lini, na nani anakagua moshi?
– Machujio yapo au yamechomolewa?
– Madereva wako wameagizwa kuzima injini wakisimama kwenye makazi na sokoni?

Akijibu vizuri, mashuka tutayapokea kwa mikono miwili. Akikasirika, umeshajua.

7/7
Wakati tunasubiri majibu: meza ya biashara isogezwe mbali na malori yanaposimama, na mtoto asilale nyuma ya gari linalounguruma. Mtoto akipumua haraka haraka, mbavu zikiingia ndani anapovuta pumzi, au akishindwa kunyonya, usisubiri asubuhi. Njoo naye kituoni saa hiyohiyo.

Unamjua mwenye malori? Mtumie hii. Mwambie nesi anamsalimia, na zawadi anayoitaka ni bomba lisilotoa moshi mweusi.