Kicheko Juu ya Damu

Mtoto aliyetazama filamu ya kutisha hujulikana: usiku hukataa kulala peke yake, nasi tukamwuliza kulikoni. Lakini aliyetazama mauaji akacheka hulala fofofo, wala hapana amwulizaye. Huyo ndiye wa kuangaliwa zaidi.

Mwaka 1988 ilitolewa Marekani filamu ya Child's Play. Muuaji anayekaribia kufa anaihamishia roho yake katika mwanasesere kwa uchawi, na mwanasesere huyo, Chucky, anaanza kuwawinda watu. Hiyo ilikusudiwa kutisha. Ya nne katika mfululizo huo, Bride of Chucky ya mwaka 1998, ilielekea kwenye uchekeshaji. Chucky amepata mwenzi, Tiffany, naye mwanasesere. Wanapendana, wanazozana kama mke na mume, na katikati ya mzozo wanaua. Mtazamaji hucheka, damu ikimwagika.

Huko Marekani, aliye chini ya miaka 17 haruhusiwi kuiona sinema bila mzazi au mlezi. Hapa Nangwa, filamu ya namna hiyo yaweza kumfikia mtoto kwa memori kadi tu, bila mlinzi mlangoni. Katika vibanda vya video nako, mfasiri huongeza utani wake mwenyewe juu ya kifo.

Imepokewa kwamba Masahaba walikuwa safarini, mmoja wao akalala. Wenzake wakachukua kitu chake. Alipoamka akashtuka, nao wakacheka. Mtume (s.a.w.) akabainisha kwamba si halali Muislamu kumtia hofu Muislamu mwenzake. Tazameni: hapakuwa na jeraha, ila hofu ya mtu mmoja iliyofanywa kichekesho.

Nasi wa Hanang tunakijua kifo. Tarehe 3 Desemba 2023, tope la mlimani lilishuka Katesh na vijiji jirani, likaua watu zaidi ya 80. Wapo watoto wetu waliozika jamaa zao. Mwenzao aliyezoea kucheka mtu anapokufa atamfarijije yatima anayekaa naye dawati moja?

Kupokonya simu pekee hakutoshi. Keti na mwanao, umwulize kwa upole: aliyeuawa alikuwa mtoto wa nani? Nani alimlilia? Kisha mkumbushe kwamba roho i mikononi mwa Mola wake. Haihamishwi na mchawi, wala si kitu cha mzaha.