Bei ya kikombe na taux ya mwenye duka

Ndugu wachimbaji, na ninyi mama na watoto wenye kuwangojea ku nyumba, leo hatuongee juu ya kilo ya cassitérite wala lebo za magunia. Tunaongea juu ya kahawa na kremu, ile barafu tamu ya maziwa yenye watoto wanatulilia kila tukishuka Bukavu. Mutu atacheka: kuna vita, kuna barabara, kuna feza ya masomo, na ninyi munaandika juu ya kremu? Ndiyo. Juu pale mezani, mbele ya kikombe, njo tunaona haraka namna feza ya muchimbaji inapokelewa, na namna muchimbaji mwenyewe anapokelewa. Vitu hivyo viwili havitembei pamoja.

Sisi wa Lwiro hatuko mbali na barabara ya taifa namba 2. Upande wa juu, ukipita Katana na Kalehe, unafika Nyabibwe, kwenye wengi wetu wanachimba. Upande wa chini, ukipita Kavumu na Miti, unafika Bukavu, kwenye feza ya shimo inaenda kuisha. Mwanaume anatoka kule kisha majuma mengi, anachukua bibi na watoto, wanaingia mujini. Wanapita duka la viatu, wanapita soko, kiisha wanaingia pale kwenye kuna kahawa na kremu, wapumzike kidogo.

Hapo njo mambo inaanza. Musichana wa kuhudumia anaangalia kwanza buti. Buti ina udongo mwekundu. Anasema: « Papa, hapa tunalipa mbele. » Sawa, kila duka na desturi yake. Lakini ku meza ya pembeni, wale wenye mashati nyeupe wanakula, wanacheka, wanalipa nyuma. Basi si desturi ya duka, ni desturi ya buti. Tumeona hiyo zaidi ya mara moja, na si ku duka moja tu.

Hiyo ni haya tu, mutu anaweza kuimeza pamoja na kahawa. Kwenye kunauma kabisa ni taux. Bei imeandikwa kwa dola, ao haikuandikwa hata kidogo. Ukiuliza taux ya leo, mwenye kupokea feza anakutajia ile iliyo ndani ya kichwa chake. Tufanye hesabu ya mufano. Tuseme inje, kwa wale mama wenye kubadilisha feza ku kando ya barabara, dola moja ni franga 2.800. Mumekula vitu vya dola 7, unatoa noti ya 10. Duka inapaswa kukurudishia dola 3, ni kusema franga 8.400. Wao wanahesabu 2.500, unapata 7.500. Franga 900 imebaki pale. Kesho yake unarudi na franga, unafikiri umewaweza. Haiko vile: leo dola inahesabiwa 2.900, ile dola 7 inakuwa 20.300 pahali pa 19.600. Ukilipa dola unapoteza, ukilipa franga unapoteza. Na kama noti ndogo zimekosa, wanakutilia bonbon mukononi, bila kukuuliza kama ulikuja kununua bonbon.

Tena ile noti yenyewe. Dola yenye kapasuka kadogo ku pembe, hawaitaki, ata kama ni mia. Lakini franga yenye imechakaa mupaka namba haionekane, hiyo wanakurudishia bila haya, na ukijaribu kuilipia nayo chupa ya maji palepale, wanasema haipite. Tangu mabenki ya Bukavu yalifunga milango mwezi wa pili wa 2025, noti nzuri zimekuwa ngumu kupata, hiyo tunaelewa. Muzigo ni wetu wote. Ila mbona unawekwa kila mara ku kichwa cha mwenye kununua?

Muchimbaji anafahamu muchezo huu mbele hajafika mujini. Ku shimo, négociant anakuja na mizani yake, anasema mawe yako ina maji, anapunguza. Anasema kiwango cha bati ni kidogo, anapunguza tena. Bei ya bati inatoka London kila siku ya kazi, lakini mizani ni ya négociant. Sasa, mutu aliyekatwa ku mizani asubuhi akatwe tena ku kikombe mangaribi, ni mara mbili kwa jasho moja. Serikali ilitoa sheria mwaka wa 2018 juu ya uhuru wa bei na ushindani. Muzuri. Uhuru wa kuweka bei hatuukatae. Uhuru wa kuificha, huo ni jambo ingine.

Na kahawa yenyewe? Tunaishi katikati ya arabika. Inalimwa hapa Kabare, Kalehe, na kisiwani Idjwi. INERA ya Mulungu ni majirani zetu. Koperative SOPACDI ya Minova inauza kahawa yake ng'ambo. Lakini omba kahawa mujini, mara nyingi wanakuletea maji ya moto na kopo ya unga iliyotoka mbali, na unalipa sawa vile ni ya kupika. Tunauliza tu.

Juu ya kremu, tunaomba mama wafungue macho. Umeme wa Bukavu unatoka Ruzizi na unakatika wakati inataka. Kremu ikiyeyuka usiku na kugandishwa tena asubuhi, inakuwa na mbegu-mbegu za barafu ku ulimi, na vijidudu vimepata wakati wa kuzaliana. Tumbo la mutoto njo litalipa. Duka yenye haina groupe iseme wazi: leo kremu hakuna. Hatutakasirika.

Yule musichana hatumutupii makosa yote. Taux haiweki yeye. Kopo ikivunjika, mara nyingi inakatwa ku mushahara wake. Kuna pia wenzetu wenye kuuza mawe leo na kesho wanamuita kwa kupiga vidole, sawa vile anaita mbuzi. Huyo ni mutoto wa mutu, pengine baba yake naye yuko ndani ya shimo. Tunaomba tajiri wake, si yeye, aandike vitu viwili ku ukuta, kila asubuhi: bei kwa franga, na taux ya siku, moja tu, ya kupokea na ya kurudisha.

Haiko kazi ngumu. Tunajua mama mumoja, anauza chai na mandazi ku soko, kwenye barabara ya kwenda Kalehe. Kila asubuhi anauliza taux kwa wenye kubadilisha, anaiandika na makaa ku kipande ya karto, anaitundika juu ya termosi. Noti zilizochakaa anapokea na anarudisha zilezile. Wachimbaji wanajaa pale na buti zao mupaka saa sita.

Shida ni moja tu, hana friji. Kremu bado tunaifuata Bukavu.