Pima Ardhi Kwanza, Bango Baadaye: Tuache Kuchimba Visima kwa Kubahatisha



Nataka kusema jambo ambalo litawaudhi baadhi ya watu, hasa wenyeviti wa kamati zetu za michango. Naomba mnisome mpaka mwisho kabla ya kunirushia mawe.

Kila ikifika Ramadhani, au jumuiya ya wilaya fulani ikifanya mkutano wake wa mwaka, iwe Muscat, London au Minneapolis, ombi ni lile lile: tuwachimbie ndugu zetu kisima. Nia ni njema na Mungu anaiona. Pesa zinapatikana, mtambo unakwenda, picha zinapigwa, na bango lenye majina ya wafadhili linasimikwa. Swali moja tu halimo kwenye ajenda: nani alijua kwamba pale chini kuna maji, na ni maji ya aina gani?

Ukichunguza, utakuta mahali pamechaguliwa na mwenyekiti wa kijiji kwa sababu ni karibu na msikiti au shule. Au na mzee mwenye kijiti chenye panda anayedai kijiti kinamvuta. Au, mbaya zaidi, na mwenye mtambo mwenyewe, ambaye analipwa kwa kila mita anayochimba, yapatikane maji yasipatikane. Hivi kweli, nani kati yetu angejenga nyumba kwa utaratibu huo?

Uhesabuji wa vituo vya maji vijijini Tanzania uliofanywa miaka ya 2010 ulikuta zaidi ya theluthi moja havitoi maji. Sababu ziko nyingi: pampu zimekufa, vipuri hakuna, kamati za maji zimekula pesa. Lakini hata ukileta pampu mpya na kamati ya malaika, kisima kilichochimbwa pasipo na maji hakitatoa maji.

Sasa tuelewane kuhusu dawa yenyewe, maana wengi wakisikia neno "jiofizikia" wanadhani ni mambo ya NASA. Njia inayotumika sana ni ya kupima ukinzani wa umeme ardhini. Ndugu wawili Wafaransa, Conrad na Marcel Schlumberger, ndio walioiendeleza, na majaribio ya kwanza yalianza 1912. Mtaalamu anapigilia vijiti vinne vya chuma ardhini. Viwili vya nje vinapitisha umeme wa betri, viwili vya ndani vinapima volti. Kadiri anavyovitawanya vile vya nje, ndivyo umeme unavyopita chini zaidi, naye anapata picha ya tabaka moja baada ya jingine. Jiwe gumu kavu linakataa umeme, linaweza kufikisha maelfu ya ohm-mita. Mwamba uliooza na kupasuka, wenye maji ndani yake, unashuka sana. Maji ya bahari yenyewe ni kama 0.2 tu. Kazi hiyo ni ya siku moja au mbili, na gharama yake ni sehemu ndogo tu ya gharama ya kuchimba.

Kwa nini jambo hili ni la kufa na kupona? Chukueni katikati ya Tanzania, Dodoma na Singida. Chini kule ni mwamba wa kale wa matale. Hakuna ziwa lililojificha chini kama watu wanavyodhani. Maji yamekaa kwenye tabaka la juu lililooza na kwenye nyufa. Visima vya Makutupora, kaskazini ya mji wa Dodoma, vimewanywesha watu wa mji ule kwa zaidi ya nusu karne kwa sababu viko penye mwamba uliooza kwenda chini sana na kupasuka. Sogea pembeni, ukose ufa, utachimba mita 100 za jiwe na kutoka na vumbi. Tofauti ya kisima chenye maji na shimo kavu inaweza kuwa hatua chache tu, na hatua hizo mwenyekiti wa kijiji hawezi kuziona kwa macho.

Njooni pwani na visiwani. Hapa kosa ni la upande wa pili. Mchimbaji akikuta maji machache anasema, "Tuongeze mita 20, tutapata mengi." Na mfadhili huku ughaibuni anakubali, kwa sababu kwake kisima kirefu ndiyo kisima bora. Lakini Unguja na sehemu kubwa ya mwambao wetu, maji matamu yanaelea juu ya maji ya chumvi kama mafuta juu ya mchuzi. Kanuni ya Ghyben na Herzberg, inayojulikana tangu mwisho wa karne ya 19, inasema hivi: kwa kila mita 1 ambayo maji matamu yamepanda juu ya usawa wa bahari, chini ya usawa huo kuna takriban mita 40 za maji matamu. Kinyume chake ndicho cha kuogopesha. Ukiyavuta yakashuka mita 1, chumvi chini inaelekea kupanda mita 40. Kwa hiyo ile "ongeza mita 20" inaweza kuwa ndiyo iliyokiua kisima cha kijiji kizima. Na kipimo cha umeme ndicho chombo kinachofaa hasa kuonyesha chumvi inaanzia wapi!

Tena mwamba wetu wa matumbawe umejaa mapango na mianya. Kilichomo kwenye shimo la choo kinaweza kupenya hadi kisimani bila kuchujwa na mchanga wowote. Upimaji huo huo unaweza kuonyesha mianya hiyo kabla hatujawapelekea watu kipindupindu kwa jina la sadaka.

Ndugu zetu wa Oman hawahitaji kuhubiriwa hili. Mnaishi kwenye nchi ya aflaj. Wazee wa kule, kabla ya kuchimba mfereji wa maelfu ya mita chini ya ardhi, walichimba kwanza kisima cha kutafutia maji kwenye miguu ya milima. Yalipothibitika, ndipo kazi ikaanza. Mitano ya mifereji hiyo iliingizwa na UNESCO kwenye urithi wa dunia 2006. Na mnayajua ya Batinah: pampu zilivuta kupita kiasi, bahari ikaingia chini kwa chini, mashamba ya mitende yakafa kwa chumvi. Mnayaona hayo, halafu mnatuma pesa nyumbani zikachimbe bila kupima?

Najua pingamizi. La kwanza: "Babu zetu walichimba visima bila mashine." Kweli. Walichimba kwa jembe na ndoo, na walipofika kwenye maji walisimama. Wakikosa, hasara ni jasho la wiki moja. Mtambo wa leo unaweza kushuka makumi ya mita kwa siku, na kila mita ni pesa ya mpishi wa Dubai au mlinzi wa usiku wa Birmingham.

La pili: "Hata wataalamu wanakosea." Ni kweli, na mtaalamu mwaminifu atakwambia hivyo kabla hujamuuliza. Kipimo hakioni maji, kinaona umeme. Udongo wa mfinyanzi na maji ya chumvi vinaweza kutoa namba zinazokaribiana. Ndiyo maana namba husomwa pamoja na ramani ya miamba na kumbukumbu za visima vya jirani. Wala kipimo hakioni floraidi, ambayo kule Arusha na Singida imeharibu meno na mifupa ya watu. Shirika la Afya Duniani linataka isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na hilo linajulikana maabara tu. Kumbukeni Turkana: Septemba 2013 Kenya na UNESCO walitangaza hazina kubwa mno ya maji chini ya Lotikipi, iliyotafutwa kwa rada ya setilaiti. Dunia ikashangilia. Baadaye visima vya majaribio vikaonyesha maji yale yana chumvi nyingi. Basi asiwepo mtu wa kutuambia kipimo kimoja kinatosha. Lakini kusema kipimo hakitoshi si ruhusa ya kutopima.

Kwa hiyo napendekeza masharti manne, na kamati itakayoyakataa isipewe hata senti:

1. Pesa ya kupima itolewe kwanza, peke yake, kwa mtaalamu asiye na ubia na mchimbaji. Anayelipwa kwa mita asiachiwe kuamua mita.

2. Ripoti ionyeshe walau sehemu mbili au tatu zilizopimwa, namba zenyewe za vipimo, na kina kinachotarajiwa. Ukurasa mmoja wenye mhuri si ripoti. Kenya, ripoti ya uchunguzi huambatana na ombi la kibali. Tanzania, Sheria ya Rasilimali za Maji ya 2009 inataka kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde. Tusiwe sisi wa kuwafundisha ndugu zetu kuzikwepa.

3. Malipo ya mwisho yazuiwe mpaka kisima kivutwe kwa saa nyingi mfululizo kuona kama kinastahimili, na maji yapimwe chumvi, floraidi na vijidudu.

4. Kisima kikikosa maji, kiandikwe na taarifa ipelekwe kwa bodi ya bonde. Shimo kavu lililoandikwa linamwokoa mchangaji wa kesho. Tunazificha aibu hizo, na kila jumuiya inakwenda kuchimba pale pale.

Mtasema mambo haya yatachelewesha sadaka. Yatachelewesha kwa wiki chache. Mama anayetembea na ndoo alfajiri anaweza kusubiri wiki chache akapata maji. Asichoweza ni kunywa bango letu.

Naomba kutoa hoja.