Sare Tunashona, Nauli ya Mionzi Hatuna?

Leo tuambizane ukweli.

Mama mkwe yuko Bariadi, ana saratani ya mapafu, daktari kasema hawezi kupasuliwa. Basi tunanong'ona: "Mionzi inaua, mwacheni afie kwake." Nani katuambia? Mionzi ni tiba. Wengine huwaponya, wengine huwapunguzia maumivu na kukohoa damu. Akitoka mashineni anakumbatia wajukuu, haambukizi mtu.

Bugando, Mwanza, ipo. Ocean Road, Dar es Salaam, ipo. Kinachowarudisha watu Simiyu ni malazi na nauli, maana hupigwa siku 5 kwa wiki, pengine wiki 6.

Na sisi tunachangia sare za kila harusi! Mtume (S.A.W.) ametuamrisha tujitibu. Biharusi, futa sare moja, mama apelekwe Mwanza.